Senti zinazokatwa kwenye opsheni zako: nani anazipanga, nani anazikusanya

Kwenye uthibitisho wa muamala wa opsheni (mkataba unaompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, kabla ya muda wake kuisha), chini ya kamisheni ya broka, kuna mstari mdogo ulioandikwa Reg Fee au ORF, yaani Options Regulatory Fee, ada ya usimamizi wa opsheni. Pembeni yake utakuta senti 3, senti 11, pengine senti 27. Wateja wetu wengi huupita mstari huo mwaka mzima, halafu Februari wanapotuletea makaratasi ya kodi ndipo maswali yanaanza. Hii ni kodi ya serikali? Broka ananiongezea kinyemela? Naweza kuitoa kwenye ritani?

Si kodi, na haiendi serikalini. Inapangwa na masoko ya opsheni yenyewe, inakusanywa kwa njia ambayo mteja wa kawaida haioni, na broka anakupitishia wewe. Kwenye ritani imeshahesabiwa tayari, kwa hiyo ukiitoa tena utakuwa umeitoa mara mbili. Tunaandika makala hii kwa sababu jibu fupi namna hiyo halimtoshi mtu anayeweka akiba yake sokoni. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hospitalini au safari ya siku nne kwenye lori ana haki ya kujua kila senti yake inakwenda kwa nani.

Sisi ni ofisi ndogo ya hesabu na kodi hapa Houston. Wateja wetu wengi ni wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kenya, Tanzania, Kongo na Burundi, na miaka ya karibuni wengi wao wamekuwa wakinunua na kuuza opsheni kwenye simu. Hatumshauri mtu anunue nini wala auze nini, hiyo si leseni yetu. Kazi yetu ni kusoma taarifa zake za akaunti na kuhakikisha hesabu inayokwenda IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni sahihi. Huko ndiko tunakokutana na senti hizi.

## Soko linalosimamia wanachama wake

Opsheni za hisa zilianza kuuzwa kwenye soko rasmi Marekani tarehe 26 Aprili 1973, Cboe ilipofungua milango mjini Chicago na opsheni za kampuni 16 tu. Kufikia 2025 yalikuwapo masoko 18, ingawa wenye masoko ni wachache kuliko hapo. Nasdaq inamiliki sita, Cboe manne, MIAX manne, NYSE mawili, kisha yapo BOX na MEMX. Kila moja limesajiliwa na SEC, tume ya serikali inayosimamia masoko ya dhamana, na sheria ya 1934 inalibebesha jukumu la kuwasimamia wanachama wake lenyewe. Wanachama hao ni makampuni ya mabroka na watengeneza soko, yaani makampuni yanayotangaza bei za kununua na kuuza muda wote ili oda zipate wa kuzipokea. Wewe mteja si mwanachama, ila oda zako zinapita mikononi mwa mwanachama.

Usimamizi huo ni kazi ya kweli. Kampuni moja ikitangaza Jumatatu asubuhi kwamba inanunuliwa na nyingine kwa bei ya juu, mtu wa kwanza kutafutwa ni yule aliyenunua opsheni za call za kampuni hiyo, zile zinazoleta faida hisa ikipanda, Ijumaa jioni, hasa kama hajawahi kuzigusa kabla. Soko linapaswa kuona muamala ule, kumtambua aliyeufanya kupitia broka wake, na kupeleka jalada panapohusika. Linapaswa pia kuona anayeweka oda za uongo ili bei isogee kisha anazifuta, anayezidisha idadi ya mikataba inayoruhusiwa kushikwa na mtu mmoja, na broka anayeuza opsheni za hatari kwa wateja wasiofaa kuziuziwa. Sehemu ya kazi hii masoko huwapa FINRA, chombo kisicho cha serikali kinachosimamia mabroka, kwa mkataba wa kulipwa. Wachunguzi, wanasheria, kompyuta zinazopitia mamilioni ya oda, na bili ya FINRA, vyote vina gharama.

Zamani masoko yalifidia gharama hizo kwa kumtoza broka ada ya mwaka kwa kila wakala wake aliyesajiliwa. Mpango ule ulifaa wakati wateja walikuwa wanapiga simu na wakala anaandika oda. Biashara ilipohamia kwenye intaneti, kampuni yenye mawakala wachache na wateja wengi mno ikawa inalipa kidogo, huku ya mtindo wa zamani yenye mawakala wengi ikibeba mzigo. Cboe ikabadilisha. Kuanzia Januari 2009 iliondoa ada ya mawakala na kuweka tozo kwa kila mkataba wa opsheni wa mteja. Masoko mengine yakafuata mmoja baada ya mwingine, na hiyo ndiyo ORF unayoiona leo.

## Kiwango kinavyopatikana

Hesabu yake haina uchawi. Soko linakadiria litatumia kiasi gani kwa usimamizi katika mwaka, linakadiria mikataba ya wateja itakuwa mingapi, kisha linagawanya. Tuchukue soko la kubuni, kwa mfano tu. Gharama zake za usimamizi ni dola milioni 24, nalo linataka ORF ifidie asilimia 80 ya hizo, yaani dola milioni 19.2. Linatarajia mikataba bilioni 9.6 ya wateja, ukihesabu upande wa mnunuzi na upande wa muuzaji kila mmoja peke yake. Milioni 19.2 kugawanya kwa bilioni 9.6 ni dola 0.002, yaani moja ya tano ya senti kwa mkataba.

Asilimia 80 hiyo tumeibuni, ila wazo lenyewe ni la masoko. Katika nyaraka wanazowasilisha SEC husema makusudio ni kufidia sehemu kubwa ya gharama za usimamizi, si zote, na kwamba makusanyo ya ORF yakijumlishwa na ada nyingine za usimamizi na faini hayatazidi gharama hizo. Pesa hii haitakiwi kugeuka faida ya soko. Ndiyo maana kiwango kinapanda na kushuka. Katika mfano wetu, biashara ikikua na mikataba ikafika bilioni 12, tozo ileile ya dola 0.002 itaingiza dola milioni 24, ambazo ni nyingi kuliko zilizokusudiwa, na soko linalazimika kushusha hadi dola 0.0016.

Hali hiyo imetokea kwelikweli. Mwaka 2019 mikataba ya opsheni iliyokamilishwa Marekani ilikuwa kama bilioni 5. Mwaka 2021 ilikaribia bilioni 10, na 2024 ilizidi bilioni 12. Kila wimbi la watu wapya lilipoingia, makadirio ya masoko yakapitwa. Baadhi yalishusha kiwango, mengine yakasitisha tozo kwa miezi ya mwisho wa mwaka ili yasivuke gharama. Kwa hiyo ukiona senti za Novemba hazifanani na za Machi kwa idadi ileile ya mikataba, sababu inaweza kuwa hiyo.

Soko likitaka kubadilisha kiwango linawatangazia wanachama mapema, kwa kawaida siku 30 kabla, na kuwasilisha badiliko SEC. Hapa pana jambo la kujua. Chini ya sheria, badiliko la ada linaanza kutumika mara linapowasilishwa, halisubiri kuidhinishwa. SEC ina siku 60 za kulisimamisha ikiona halikidhi masharti. Masharti yenyewe ni kwamba ada iwe ya kiasi, igawanywe kwa haki kati ya wanaohusika, na isibague isivyo haki. Nyaraka hizo ni za wazi, na mtu yeyote anaweza kuandika maoni yake, hata wewe. Wengi wanaoandika ni makampuni makubwa, kwa kuwa ndiyo yanayolipia watu wa kuzisoma.

## Unalipia soko ambalo oda yako haikufika

Hii ndiyo sehemu inayowashangaza watu, na tunaikawilia kwa makusudi.

Ulinunua mkataba mmoja. Oda yako ilipelekwa soko moja, ikakamilika huko. Akili ya kawaida inasema tozo ya usimamizi itakuwa ya soko hilo. Sivyo ORF ilivyojengwa. Kwa utaratibu ambao masoko yaliutumia tangu mwanzo hadi 2025, soko linatoza mkataba wowote wa mteja ambao broka aliyeufanya au aliyeukamilisha ni mwanachama wake, haidhuru ulifanyika soko lipi. Broka mkubwa ni mwanachama wa karibu masoko yote. Matokeo yake ni kwamba mkataba wako mmoja unatozwa na soko ulikofanyika, na pia na masoko mengine mengi ambayo hayakuiona oda yako.

Kila moja linatoza sehemu ndogo ya senti. Tuseme kwa wastani ni dola 0.0015. Zidisha kwa masoko 18, unapata dola 0.027, karibu senti 3 kwa mkataba. Mstari mmoja wa Reg Fee kwenye taarifa yako kwa kweli ni jumla ya tozo za masoko mengi zilizokusanywa pamoja, na broka hazichanganui kwa majina.

Anayekusanya ni OCC, chombo kinachokamilisha kila muamala wa opsheni za masoko haya. OCC inasimama katikati: kwa mnunuzi yenyewe ndiyo muuzaji, na kwa muuzaji yenyewe ndiyo mnunuzi, ili mmoja akishindwa kulipa mwingine asiumie. Kwa kuwa kila mkataba unapita kwake, na kila mkataba unaingia umewekwa alama kama ni wa mteja, wa kampuni au wa mtengeneza soko, OCC inajua wa kutozwa. Inakata ORF kutoka akaunti za makampuni wanachama wake na kuyapelekea masoko. Kampuni iliyokatwa inamdai broka, na broka anakudai wewe. Hakuna sheria inayomlazimisha broka akudai. Anaweza kuibeba mwenyewe, ila wengi wanaipitisha.

Utetezi wa masoko ni kwamba usimamizi hauishii kwenye ukuta wa soko moja. Mtu anayevuruga bei anaweza kuweka oda soko hili na kuchuma soko lile, kwa hiyo ni lazima yote yaangalie kila kitu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sisi tunaosoma taarifa za wateja tunaona upande wa pili pia. Masoko 18 yanapotoza muamala mmoja kwa hoja moja, mteja anayelipa hawezi kujua kazi ipi ilifanywa na nani. Tena alama ile ya OCC ina maana kubwa: kwa utaratibu huo tozo ni kwa mikataba ya wateja tu. Watengeneza soko, ambao wanatuma na kufuta oda kwa wingi usiolinganishika, mikataba yao haitozwi ORF. Masoko hujibu kwamba hao wanalipa ada nyingine, na kwamba kumchunguza mteja ni ghali zaidi kwa sababu soko halimwoni moja kwa moja. Kwa maoni yetu, jibu hilo halimtoshi muuguzi anayenunua mikataba miwili kwa mwezi.

Hatuko peke yetu katika maoni haya, na masoko yenyewe yameanza kusogea. Mwishoni mwa 2024 masoko ya kundi la Nasdaq yaliwasilisha SEC mpango wa kutoza mikataba iliyofanyika kwenye soko husika tu, na kuwagusa washiriki wengine pamoja na wateja. Masoko mengine nayo yakaingia kwenye mjadala huo.

Badiliko la namna hiyo likikufikia, usishtuke kuona kiwango cha soko moja kimeruka. Rudi kwenye mfano wetu. Soko lilelile likiwa na asilimia 10 ya biashara, mikataba ya wateja inayofanyika ndani yake ni bilioni 0.96. Kupata dola milioni 19.2 zilezile, litahitaji senti 2 kwa mkataba, mara kumi ya kiwango cha awali. Lakini utatozwa na soko hilo peke yake, si na 18. Anayekuonyesha kiwango kipya bila kukuambia kwamba wengine wameacha kutoza anakutisha bure.

## Mistari mingine iliyo jirani

ORF haiko peke yake, na mabroka wengi huzirundika zote mahali pamoja.

Ipo ada ya Kifungu cha 31, ambayo asili yake ni sheria ya 1934. Hii ndiyo inayokwenda serikalini, na inatozwa kwenye mauzo tu, kwa thamani ya dola, si kwa idadi ya mikataba. SEC huirekebisha ili makusanyo yalingane na bajeti iliyopitishwa na Bunge, kwa hiyo inayumba sana. Kuanzia Mei 2024 ilikuwa dola 27.80 kwa kila dola milioni moja ya mauzo, na tarehe 14 Mei 2025 ikawa sifuri. Opsheni za faharasa pana kama S&P 500 zimesamehewa ada hii.

Ipo ada ya FINRA ya shughuli za biashara, nayo ni kwenye mauzo tu. Mwaka 2024 ilikuwa dola 0.00279 kwa mkataba wa opsheni. Ipo pia ada ya OCC yenyewe ya kukamilisha muamala. Na tangu 2024 baadhi ya mabroka wamekuwa wakipitisha gharama za CAT, mfumo mkubwa wa kumbukumbu za oda zote uliobuniwa baada ya soko kuporomoka kwa dakika chache tarehe 6 Mei 2010. Utaratibu wa nani alipie mfumo huo ulitenguliwa na mahakama ya rufaa Julai 2025.

Aliyewahi kununua hisa Nairobi au Dar es Salaam hatashangaa kukuta mistari mingi. Kule nako uthibitisho wa ununuzi una kamisheni ya broka, tozo ya soko, tozo ya mamlaka ya masoko ya mitaji na ya hifadhi ya dhamana, kila moja kwa jina lake. Tunatamani mabroka wa hapa wachanganue namna hiyo.

Sasa tuweke namba mezani. Umeuza mikataba 10 kwa bei ya senti 15 kwa hisa. Mkataba mmoja ni hisa 100, kwa hiyo kila mkataba ni dola 15, na jumla ni dola 150. Broka anatoza kamisheni ya senti 65 kwa mkataba, kiwango cha kawaida, jumla dola 6.50. ORF kwa makadirio yetu ya dola 0.027 ni senti 27. Ada ya FINRA kwa kiwango cha 2024 ni karibu senti 3. Kifungu cha 31 kwa kiwango cha Mei 2024 haifiki nusu senti, broka ataiandika senti 1. Ukiacha ada ya OCC, tozo zote za usimamizi ni senti 31, na kamisheni ni dola 6.50.

Ndiyo maana mteja akituuliza wapi pa kubana matumizi, tunamwonyesha kamisheni kwanza, na pengo kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza, ambalo halionekani kwenye mstari wowote na mara nyingi linakula kuliko vyote. Senti za ORF zinaanza kuuma kwa mtu anayenunua na kuuza mikataba mingi ya bei ndogo kila siku. Mkataba wa senti 2 una thamani ya dola 2. Ukiununua na kuuuza siku hiyohiyo, ORF mara mbili ni zaidi ya senti 5, yaani karibu asilimia 3 ya fedha uliyoweka, kabla ya kamisheni. Angalia pia namna broka wako anavyokadiria. Wengine hupandisha kila kipande cha oda hadi senti kamili, na oda iliyokamilika kwa vipande vingi inakuwa ghali kidogo kuliko iliyokamilika kwa mkupuo. Mkataba ukiisha muda wake bila thamani, au ukitumiwa kununua hisa, hakuna muamala mpya wa opsheni, kwa hiyo hakuna ORF.

## Anayekuomba utume "ada ya udhibiti" ni tapeli

Hili tunaomba ulisome hata kama umeruka yote ya juu, na umtumie ndugu yako aliye nyumbani.

Watu wetu wanaingizwa kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram, wanaonyeshwa programu yenye salio linalopanda kila siku, na wakitaka kutoa pesa wanaambiwa walipe kwanza ada ya udhibiti, labda asilimia 10 ya faida, kwa sarafu za kidijitali au kwa simu. Wanatumiwa barua yenye nembo ya SEC au FINRA. Wakilipa, inazuka ada nyingine. Tumeona mtu akikopa kwa chama chake cha akiba ili alipe ada ya pili baada ya kulipa ya kwanza.

Umeshajua sasa jinsi ada ya kweli inavyofanya kazi, kwa hiyo unaweza kupima mwenyewe. Inakatwa pale muamala unapofanyika, haidaiwi wakati wa kutoa pesa. Ni sehemu ya senti kwa mkataba, haihesabiwi kwa faida. Inakatwa kwenye salio lako, haiombwi itumwe kutoka nje. SEC, FINRA na OCC hazimwandikii mteja kumdai ORF. Anayetaka utume pesa ili uachiwe pesa zako hana salio lolote la kukupa, hata namba zilizo kwenye programu yake ni za kuchorwa. Usiongeze hata shilingi. Hifadhi mazungumzo na risiti zote, toa taarifa kwa benki yako au kampuni ya simu siku hiyohiyo, na kama uko Marekani wasilisha malalamiko SEC. Jina la broka wa Marekani unaweza kulihakiki bure kwenye BrokerCheck ya FINRA.

## Kwenye ritani yako

Fomu 1099-B inayotoka kwa broka huwa imeshazingatia gharama za muamala. Ulichonunua kinaandikwa na kamisheni na tozo zikiwa zimeongezwa kwenye gharama ya ununuzi, na ulichouza kinaandikwa zikiwa zimeondolewa kwenye mapato. Faida inayobaki tayari imepungua kwa senti hizo. Kuziandika tena kama matumizi ni kosa, na linaonekana kirahisi IRS inapolinganisha Fomu 8949 yako, ile unayoorodhesha mauzo yako, na nakala waliyotumiwa na broka.

Wengine hutuletea gharama nyingine, kama usajili wa jarida la masoko au darasa la opsheni, wakitaka ziingie kama gharama za uwekezaji. Kwa mwekezaji wa kawaida mlango huo ulifungwa kuanzia mwaka wa kodi 2018, na sheria ya 2025 ikaufunga moja kwa moja. Gharama za muamala wenyewe, ORF ikiwemo, zinabaki salama kwa sababu zinaingia kwenye bei, si kwenye orodha ya makato.

Panapohitaji jicho ni kwa mtu aliyeuza opsheni kwanza kisha akaifunga mwaka uliofuata, aliyehamisha akaunti kutoka broka mmoja kwenda mwingine, au aliyekabidhiwa hisa baada ya opsheni yake kutumiwa. Kwa huyo wa mwisho, bei aliyolipa au kupokea kwa opsheni, pamoja na senti zake, inatakiwa ihamie kwenye hesabu ya hisa, na kwa aliyehama, kumbukumbu za broka mpya mara nyingine zinakuja na pengo. Kazi hiyo tunaifanya mstari kwa mstari kutoka uthibitisho wa kila muamala, na ukitaka tunakuandikia pia jumla ya kamisheni na tozo ulizolipa mwaka mzima, zikiwa zimetenganishwa kadiri taarifa za broka zinavyoruhusu.

Ukija, tuletee 1099-B ya kila broka, taarifa ya Desemba ya kila akaunti, na kama ulihamisha akaunti, taarifa ya mwezi wa mwisho kwa broka wa zamani. Fomu za mabroka hutoka katikati ya Februari, na marekebisho huendelea kuja hadi Machi, kwa hiyo mwenye opsheni nyingi asikimbilie kufaili wiki ya kwanza. Tutakupangia miadi ya Machi, na ritani yako itakuwa imekwenda kabla ya 15 Aprili.